Droni Ina Treka, Mimi Nina Madeni

Jamani, ukitaka kujua mtaa wenu una wataalamu wangapi, poteza droni. Poteza tu. Niliposhindwa kodi ya nyumba, kijiwe kizima kilikuwa bize na gazeti. Nilipolazwa na malaria, aliyekuja ni mtu wa mchezo, tena kudai zamu yake. Droni ilipopotea, kufika jioni wote walikuwa mainjinia. Muuza mihogo injinia. Kinyozi injinia. Hata yule mzee wa bao, ambaye simu yake mpaka leo ni ya tochi, akanyanyua uso na kuniambia, "Mwanangu, ungefunga treka."

Ungefunga treka. Maneno hayo nimeyasikia mpaka nayaota.

Mimi napiga picha za harusi. Zamani ilitosha kuwa na kamera na suruali nyeusi. Siku hizi bibi harusi haolewi mpaka aonekane kutoka juu. Basi nikakopa, nikanunua ile ndogo ya gramu 249. Vibali nikahangaika navyo mpaka TCAA, maana ndege ni ndege hata ikienea kwenye kikapu cha nyanya. Kazi ya kwanza, Bagamoyo. Kusi linavuma. Maelezo ya kidude yanasema kinahimili upepo wa kama mita 10 kwa sekunde, ila kusi la siku ile halikuwa limesoma maelezo. Mawasiliano yakakatika. Nikasema hamna noma, itarudi yenyewe, si ndivyo walivyoniambia dukani? Kumbe ikikatika inapanda juu kwanza, isije ikagonga miti, ndiyo ianze kurudi. Na huko juu ndiko upepo wenyewe ulikokuwa unaisubiri. Ikapanda. Ikageuka. Ikaanza kurudi kinyumenyume. Inatazama kwetu, inakwenda kwao.

Simu ikanionyesha alama kwenye ramani. Nikakimbia na viatu vya harusi ndani ya mikorosho. Nikafika kwenye alama. Pana kichuguu. Nikakizunguka, nikainama, nikainuka, siafu wakaingia kwenye soksi. Baadaye ndiyo naambiwa kwamba alama ile ni pale simu ilipoisikia droni mara ya mwisho. Ilikoangukia ni habari nyingine. Na kile kitufe cha kuiamuru ipige mlio na kuwasha taa? Kinafanya kazi ikiwa droni ina chaji na mawasiliano yapo. Yaani kinakusaidia kuitafuta kama haijapotea.

Mkopo wa pili ukaleta droni ya pili. Mke wangu akatoa amri: haitoki humu ndani bila treka. Ndivyo nilivyojikuta Kariakoo, mtu mzima, nauliza bei ya vitu nisivyojua hata vinawashwa upande gani.

Nilikuwa na mpwa wangu, yuko chuo, anajua kila kitu isipokuwa kujilipia nauli. "Anko, chukua AirTag. Ina gramu 11, betri yake ile ya duara, unakaa zaidi ya mwaka hujaibadilisha." Nikaipenda hapohapo. Nikatoa hela. Nikatoa na Tecno yangu tuiunganishe. Muuzaji akaitazama simu. Akanitazama mimi. Akamwita mwenzake waje watutazame wote. "Mzee, hii inataka iPhone." Hela imeshaingia kwenye droo, na droo ya Kariakoo ikishameza haitapiki.

Mwenye iPhone kwenye ukoo wetu ni mmoja tu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ikabidi iunganishwe kwake. Sasa fuatana nami hapa. Treka imo kwenye droni. Droni imo kwenye begi. Begi liko mgongoni kwangu. Mgongo wangu unaonekana kwenye simu ya shemeji. Ijumaa nimeaga naenda ukumbini kupanga taa. Saa nne usiku mke wangu anapiga: "Baba Junior, hizo taa mbona zinapangwa baa?" Droni wakati huo haijapotea hata dakika moja. Aliyepatikana ni mimi.

Tena haina GPS ndani hata chembe. Inarusha ishara ya Bluetooth tu, simu ya Apple ya mpita njia ikiidaka inapeleka taarifa kimyakimya, mwenye simu hata habari hana. Kariakoo hiyo safi, kila dakika kuna dogo anapita na iPhone ya mkopo. Nenda nayo kwenye mikorosho sasa. Nani atapita? Ngedere? Mama wa kuni ana kitochi. Droni italala pale inanong'ona mpaka mwakani, wa kuidaka hakuna.

Nikamgeukia kijana wa bodaboda. Pikipiki yake ina GPS kwa sababu tajiri hamwamini. "Braza, funga ngoma ya boda. Tajiri anaona nilipo, na nikizingua anatuma meseji, injini inazima." Nikamwuliza, sasa droni ikiniponyoka, nikatuma meseji ikazima, na iko juu ya vichwa vya wakwe? Akafikiri kidogo. "Hapo angalau utajua ilipo."

Nikaipeleka dukani kwa Mangi tuipime kwenye mizani ya sukari. Ngoma peke yake na nyaya zake ikataka kulingana na droni. Mangi akasema haitaruka. Mimi nani nisikilize ushauri wa muuza sukari? Nikaifunga kwa raba bendi. Droni ikanguruma, ikainua mguu mmoja, ikalala ubavu na kufyeka fungu la mchicha uliopangwa barazani. Mchicha ukaingia kwenye daftari.

Aliyenisaidia kidogo ni fundi redio wa hapo jirani, mzee mkimya, ana miwani iliyofungwa kwa waya. Akasema, "Mnaimba GPS, GPS. GPS inasikiliza tu. Satelaiti ziko zaidi ya kilomita 20,000 huko juu, kidude kikizisikia angalau nne kinajijua kilipo. Basi, kimemaliza. Ni kama shahidi bubu mahakamani." Mdomo unaununua wewe, kwa hela yako. Kuna mdomo wa laini ya simu, huo unataka mnara. Kuna wa Bluetooth, unataka mpita njia mwenye simu inayoelewana nao. Kuna wa redio, unataka wewe mwenyewe uende na kipokezi mkononi. Kwa hiyo kabla hujauliza treka ipi kali, akasema, uliza ikianguka kule, nani yuko jirani wa kuisikia. Nikatikisa kichwa sana, ule mtikiso wa mtu ambaye hajaelewa ila anaogopa kuulizwa swali.

Nikaanza na ya laini, kwa vile laini naielewa. Kidude kidogo, unakitumia meseji, kinakujibu na ramani. Lakini laini haisajiliwi bila NIDA na alama za vidole. Dada wa wakala akaniuliza, "Hii ya nani?" Nikasema ukweli, ya droni. Akaacha kuandika. "Droni ni nani yako?" Foleni nzima ikageuka. Nikasajili kwa jina langu, vidole vyangu, na aibu yangu. Kabla wiki haijaisha, laini imeshaungwa kwenye huduma ya nyimbo. Kila asubuhi salio linakatwa ili droni isikilize taarabu.

Tukaijaribu Kisarawe. Mpwa akaenda kuificha shambani kwa baba mkubwa, mimi niitafute. Nikapiga. "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Nikasogea mbele, nikatuma meseji, ikajibu na ramani. Nikaifuata ramani mpaka kwenye mnara wa simu, mlinzi akanifukuza na rungu. Kumbe droni imelazwa chini ya mwembe. Majani yakiwa mazito hivyo haizisikii satelaiti vizuri, basi inakisia kwa mnara ulio jirani, na kukisia huko kunaweza kukosea kilomita nzima. Nikapiga tena, ikapokea! Ndani ina kimaikrofoni, ukipiga unasikia yanayoendelea huko. Nikasikia kuku. Nikasikia mama mmoja anasema, "Kanawaka taa. Msikaguse. Kamwiteni mwenyekiti." Nikapayuka, "Mama, hicho ni changu!" Mwenye maikrofoni hana spika. Hanisikii. Nikabaki nimesimama barabarani, nasikiliza kikao cha kitongoji kinachonijadili, sina nafasi ya kujitetea, mpaka vocha ikakata. Kesho yake nikaikuta ofisini kwa mwenyekiti. Na barua yake. Ina muhuri.

Nikarudi kwa fundi. Akanipa ya redio. Gramu chache tu, haitaki laini, haitaki bando, haitaki shemeji. Unashika kipokezi, unafuata nguvu ya mawimbi. Akaniambia hata simba wa Serengeti wanaotafitiwa wanafungwa kola za redio. Nikajisikia mtu mzito. "Ila usipokuwa na antena ya kuelekeza," akasema, "weka kipokezi kifuani, jizungushe polepole. Mwili unazuia mawimbi. Yakidhoofika kabisa, jua kitu kiko nyuma ya mgongo wako." Akanipima kwa macho. "Na wewe mwili unao."

Nikaenda kufanya mazoezi uwanja wa mpira. Mtu mzima, kitambi, kidude kifuani, macho kwenye taa, najizungusha. Watoto wakaja. Wakaanza kupiga makofi. Nikizunguka wanaimba, nikisimama wanazomea. Kizunguzungu kikanishika, nikaenda chini. Mama mmoja aliyekuwa anapita akatua ndoo. "Mpeni nafasi, amepandisha. Muulizeni anataka nini." Wakaniuliza kwa heshima zote. Nikasema nataka droni. Wakatazamana. Pepo wa kisasa huyo.

Lakini ngoja, kazi ilifanyika. Kila nilipojizungusha vizuri, kweli ile kitu ilikuwa nyuma yangu. Tatizo ni kwamba inakuleta jirani, halafu majani yanakushinda. Unajua imo humu, kichaka ndicho hiki, huioni. Fundi akasema ongeza king'ora. Hicho nacho ni kidogo, kina kibetri chake, droni ikikosa umeme kinasubiri kidogo halafu kinapiga kelele za desibeli zaidi ya 100. Safi sana. Hakuna aliyeniambia kwamba kukosa umeme ni pamoja na mimi kuchomoa betri usiku wa manane nikiiweka kwenye chaji. Kikapasuka! Nikakifunika na mto, kinapiga. Nikakiingiza kwenye jaba, jaba likakisaidia. Majirani wakatoka na mapanga, wakijua nimeingiliwa na vibaka. Kuna kitufe cha kukizimisha, ndiyo. Kimeandikwa kwa Kichina.

Asubuhi droni ikagoma kuruka. Dira imevurugika, kwa sababu ile spika ya king'ora ina sumaku ndani na mimi nilikibandika mgongoni kabisa. Nikakihamishia mguuni. Halafu simu ikaniagiza niisawazishe dira. Unaisawazishaje? Unaishika droni, unajizungusha nayo duara zima. Halafu unaisimamisha wima, unajizungusha tena. Watoto walikuwa wameshafika. Makofi.

Mwishowe nikachagua hizo mbili, redio na king'ora. Redio kwa sababu msikilizaji ni mimi mwenyewe na nauli najua nitaipata wapi. King'ora kwa sababu ya vichaka. Muda wa kuruka umepungua kwa ule uzito, lakini angalau wakwe wanaonekana. Nikapita kijiweni kifua mbele. Nikamsalimia mpaka mzee wa bao. Ndipo simu ikaita. Mteja. Harusi iko ufukweni, Kunduchi. Maharusi watakuwa kwenye ngalawa, anataka droni izunguke juu ya maji.

Nikaenda kwa fundi. Je, ikidondoka baharini? Akavua miwani. "Maji ya chumvi yanameza mawimbi. Ikizama tu, redio bubu, Bluetooth bubu, laini bubu. GPS nayo haisikii kitu." Na king'ora? "Kitawasumbua changu na tasi." Akasema dawa ni isizame, kuna maboya ya sponji, yanafungwa miguuni, ikianguka inaelea. Bei yake sitaitaja hapa, mke wangu naye anasoma safu hii.

Nikanunua. Jioni nikaenda kwa Mangi na furushi lote: droni, redio, king'ora, maboya. Nikamwambia nipimie. Mangi akafunika mizani kwa mkono.

"Jirani, mitambo yote ya mji huu umepimia hapa, na hujanunua hata robo ya sukari. Kuanzia leo kupima ni jero."

Nikamwambia niandikie kwenye daftari, jina langu lipo. Akafunua, akapita jina langu, akaendelea kufunua. Nikamwuliza mbona umenipita? Akasema wewe umejaa siku nyingi, droni ina ukurasa wake, unaanzia kwenye mchicha.