Samahani Mama, Naomba Ukanyage

Minneapolis, Aprili

Mjomba, shikamoo.

Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima. Hofu na mashaka ni kwenye breki. Ile Corolla ya 1997 niliyokutumia picha, ukasema bado mtoto, imeugua. Nikisimama kwenye taa nyekundu, pedali inazama taratibu kama mzee anayesinzia kwenye hotuba. Kikopo cha mafuta ya breki kinapungua, lakini magurudumu yote manne ni makavu na chini ya gari hakuna hata tone.

Nikakumbuka ulivyonifundisha pale Tanga: mafuta yakipotea bila kuonekana, usitafute mchawi, legeza masta silinda ya breki uchungulie nyuma yake. Kweli bwana! Rabba ya nyuma imekufa, mafuta yanaingia kwenye busta kimyakimya.

Gereji walinitajia bei, nikadhani wananiuzia gari jingine. Nilipouliza habari ya kubadilisha rabba peke yake, fundi akanitazama kama mtu aliyeleta soksi zishonwe. Basi nikaenda dukani nikanunua masta iliyokarabatiwa. Muuzaji akaongeza dola 20 juu: dhamana ya ile mbovu. Nikimpelekea chuma changu kibovu, ananirudishia. Mjomba, huku hata kipuri kibovu kina dhamana kama mshtakiwa. Kwetu wewe ungekuwa umeshakiuza skrepa kabla sijauliza.

Kuifungua ile mbovu ndiko kulikonitoa jasho. Majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kama watu wanaokausha papa, na kutu imezikumbatia nati za paipu. Kwa spana ya kawaida zingekwisha pembe zote. Nikaazima ile yenye mdomo wa kuishika nati karibu mzunguko mzima, zikakubali.

Masta mpya niliitoa upepo kwanza jikoni, vimpira viwili vikirudisha mafuta kwenye kikopo huku nikisukuma pistoni kwa bisibisi. Mama mkwe, aliyekuja kulea mjukuu, akasimama mlangoni: "Baba, huyo unayemnyonyesha ni nani?"

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mke wangu alikuwa kazini na pedali ilihitaji mguu.

Kutoa upepo kwenye magurudumu unakujua. Maneno ni matatu, makali kama ya kambini: kanyaga, shikilia, achia. Sasa mkweo unamwambiaje "kanyaga"? Tena umelala chali chini ya gari, nyayo nje! Nikaanza na gurudumu la nyuma kulia, lililo mbali zaidi na masta (usisahau usukani wa huku uko kushoto).

"Mama, samahani kwa usumbufu, naomba ukanyage."

"Haya baba, nimekanyaga."

"Ahsante mama. Sasa kwa hisani yako endelea kushikilia."

Nikalegeza skrubu, povu likatoka, pedali ikashuka. Mama akashtuka, "Nimeivunja!" akaondoa mguu. Skrubu bado wazi. Upepo uliotoka ukarudi na jamaa zake.

Tukaanza upya. Jirani Mmarekani akapita, akatupungia mkono. Mama hawezi kuitikia salamu amekaa, unamjua. Akashuka garini, akamuuliza kwa Kiswahili habari za nyumbani, za watoto na za kazi. Jirani akajibu kwa tabasamu tu. Mimi chini mafuta yananichuruzika hadi kwenye kwapa.

Mara ya tatu mama akainama, akanichungulia. "Mwanangu, adabu yako nimeiona. Lakini ukifika mwisho wa ombi, mguu umeshakufa ganzi. Sasa nitasema mimi."

Mjomba, ungemsikia! "Nimekanyaga! Fungua! Funga! Naachia!" Jirani akatoka tena kutazama. Nilihama gurudumu hadi gurudumu kama kuruta, na kila nikichelewa naulizwa kama nimelala. Nusu saa, magurudumu manne yamekwisha, pedali juu na ngumu kama jiwe. Tone moja tu lililodondokea bawa la mbele lilikuwa limeshaanza kula rangi, nikaliwahi kwa maji.

Jioni tukaenda dukani kurudisha ile mbovu, tukisimama kwenye kila taa bila pedali kuzama. Muuzaji akaniwekea dola 20 kaunta. Kabla sijanyoosha mkono, mama alishazichukua, akazipiga fundo kwenye ncha ya kanga.

"Ujira wa mguu," akasema, akatangulia garini.