Wapangaji Wangu Wana Bumu, Mimi Nina LUKU

Ukitaka kuikosa amani, jenga vyumba vya uani Mbalizi halafu upangishe wanachuo. Mimi nilishauriwa na shemeji: "Chuo kipo hapo Iyunga, vyumba vya mjini bei juu, wote watashukia kwako." Shemeji mwenyewe hana hata banda la kuku la kupangisha, ila ushauri anao wa kugawa.

Kweli walikuja. Tangu kile kilichokuwa zamani Chuo cha Ufundi Mbeya kiwe chuo kikuu cha MUST mwaka 2012, huku kwetu mtu akibakiwa na tofali kumi anasema anajenga hosteli.

Tuanze na umeme. Mtoto ametoka Mtwara, hajui kwamba maji ya bomba ya Mbalizi mwezi wa Juni yanauma mpaka kwenye mfupa. Wiki ya kwanza anavumilia, ya pili ananunua ile hita ya waya ya kuchovya kwenye ndoo. Vyumba vinne, hita nne, LUKU moja. Asubuhi mita inawaka nyekundu kama jicho la mlevi, na uniti nilizonunua jana zimekwenda na mvuke. Nikiuliza, kila mmoja anaapa kwamba yeye anaoga ya baridi. Anaapa hivyo ndoo ikifuka mkononi.

Kodi usiniulize. "Mama, bumu halijaingia." Posho ya chakula na malazi kwa wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Hesabu hiyo naijua kuliko wao, maana hayo malazi yanayotajwa ndiyo mimi. Bumu likiingia siambiwi na mtu. Nasikia harufu ya kuku wa kukaanga, halafu inafika spika mpya yenye taa za rangi, halafu singeli mpaka saa saba usiku. Kodi inakuja nyuma ya spika, tena nusu.

Yule wa chumba cha tatu, Msukuma wa Mwanza, kajifunza Kinyakyusa cha kukwepea deni. Akiniona natoka sokoni na viazi vya Umalila anakimbia kunipokea mzigo: "Ugonile, mama!" Hata kama ni saa kumi na mbili jioni, ananiuliza nimelalaje. Nilikuwa nimejipanga kumdai, najikuta namwekea viazi kwenye sahani.

Watu husifu kwamba Mbeya mjini kumechangamka. Mimi sina haja ya kupanda kipanya kwenda kuutafuta huo uchangamfu. Kwaya ya wanafunzi inafanyia mazoezi chini ya mparachichi wangu. Mimi ni Mmoraviani, nyimbo nazipenda, lakini ubeti mmoja jioni nzima! Sauti ya tatu inapotea palepale, wanaanza upya, inapotea tena, mpaka sasa nikiwa napepeta mchele naimba mimi hiyo sauti ya tatu, na wao wanaikosa. Kwaya ikitawanyika, spika inapokea zamu. Mbeya City wakicheza Sokoine, wanarudi usiku na kugonga geti, wakishinda wanagonga zaidi.

Msimu wa mahafali ndiyo kabisa. Wanashuka wazazi, mashangazi na wajomba kutoka Bukoba, wanalala chumba kimoja kama sherehe haina kesho, na wote wanaoga maji ya moto.

Basi utadhani wakifunga chuo napumzika. Agosti Uyole kumefurika watu wa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale havina pa kukanyaga, uani kwangu kuna makufuli manne. Wamekwenda fildi, na vitu wameacha ndani nisije nikapangisha mtu mwingine. Nikampigia mmoja simu kuulizia kodi ya miezi hiyo.

"Lakini mama, kwani tulikuwa tunalala hapo?"

Godoro lake, ndoo yake, hita na spika vyote vilikuwa vinalala.