Heri Laini Mbovu

Tarehe 30 Septemba 2025 kampuni ya AOL ya Marekani ilizima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu, na habari hiyo ikaandikwa kwa kicheko, kana kwamba aliyefariki ni mzaha wa mtaa. Wachache mno walisimama kusema mema ya marehemu. Ni aibu, maana hata mlevi akizikwa hakosi mtu wa kukumbuka kwamba alikuwa akisalimia. Basi na niseme mimi, na nianze kwa kutenganisha mambo: ile laini iliyofanya kazi vizuri haihitaji wakili. Ninayemsifu ni yule mbovu, modemu iliyochomekwa kwenye waya wa simu ya mezani, ikapiga, ikakoroma, ikashika, kisha ikakata barua pepe ikiwa nusu njiani. Dai langu ni kwamba huyo ndiye pekee, katika ukoo mzima wa intaneti, aliyewahi kumwambia mteja wake ukweli. Alikiri kosa kwa sauti, akalitaja kwa nambari, na mara nyingi akaliacha mahali mkono wa mteja unapofika.

Zile kelele za mwanzo, ambazo leo vijana huzicheza kama kichekesho, zilikuwa taarifa kamili ya hali ya laini. Modemu ya upande wa pili ilijibu kwa mlio wa hezi 2,100, ulioviambia vidhibiti mwangwi vya mtandao wa simu vikae kando. Kisha mashine mbili zilitumiana milio ya masafa mbalimbali ili kusikia ipi inafika na ipi inamezwa na waya, zikapatana mwendo, zikanyamaza. Aliyechukia kelele aliweza kuzizima kwa amri ya ATM0, moja ya zile amri zilizoenea kutokana na modemu za Hayes za mwaka 1981. Aliyejua kazi hakuzizima, kwa sababu sikio lake lilimpa majibu kabla ya skrini. Kimya mwanzoni: hakuna mlio wa kupigia. Mkwaruzo unaorudiwa mara ya pili na ya tatu: laini ni chafu. Sauti ya mzee aliyeamshwa usingizini akisema “haloo, nani mwenzangu?”: nambari imekosewa, na fundi ana deni la kuomba radhi.

Lazima pia tukumbuke jinsi mlango wenyewe ulivyokuwa mwembamba. Laini ya simu ilijengwa kwa ajili ya maongezi, ikapitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 hivi, na humo ndimo dunia nzima ilipaswa kupenya ikiwa imebana mbavu. Kiwango cha modemu cha V.34 kilipofikishwa biti 33,600 kwa sekunde mwaka 1996, wahandisi walikuwa wamekaribia kabisa ukomo wa kinadharia wa laini ya aina hiyo. Miaka miwili baadaye V.90 ilileta ile kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde iliyoandikwa kwa wino mnene kwenye maboksi, kwa sharti kwamba mtoa huduma ameungana na mtandao wa simu kidijitali; na hata hapo, nchini Marekani kanuni za nguvu ya mawimbi kwenye laini ziliishusha hadi 53.3. Penye mitambo ya zamani ya kuunganisha simu, modemu ilirudi 33.6 au chini yake, na mvua ikinyesha ikashuka zaidi. Na tazama adabu yake: iliposhuka, ilisema imeshuka. Ujumbe wa kuunganishwa ulitaja mwendo halisi mbele ya macho ya aliyenunua boksi lenye ahadi kubwa. Sijui bando la leo linaloweza kujiumbua hivyo.

Ila fahari yake kubwa ilikuwa katika kukataa. Kompyuta ya Windows iliposhindwa kuunganisha haikuleta duara linalozunguka wala ile sentensi ya kibwanyenye ya siku hizi, “kuna hitilafu, jaribu tena baadaye”. Ilitoa nambari: 680, hakuna mlio wa kupigia, 676, laini ina shughuli, 678, upande wa pili haujibu, 691, jina au neno la siri limekataliwa. Kila nambari ilikuwa hati ya mashtaka, na kutoka hapo mtu yeyote mwenye subira aliweza kufungua mahakama sebuleni. Chukua hiyo 680. Shahidi wa kwanza ni simu ya kawaida: chomoa modemu, chomeka simu kwenye soketi ileile, sikiliza. Nayo ikiwa bubu, kompyuta inaachiwa huru papo hapo na kesi inahamia ukutani. Ikiwa inakwaruza, ondoa faksi, sikiliza. Ondoa simu ya ziada ya chumbani, sikiliza tena. Mkwaruzo ukitoweka, mtuhumiwa amepatikana. Usipotoweka, kesi iko nje, kwenye kisanduku kilichoingia maji au waya ulioliwa na kutu, na hapo anaitwa fundi wa simu, ambaye kuja kwake ni kesi nyingine. Na kama mlio upo lakini modemu haiutambui, kama ilivyotokea sana kwenye ofisi zenye swichibodi, amri ya ATX3 iliiambia ipige bila kuusubiri. Makarani ambao hawakusomea uhandisi walijifunza kanuni ambayo vyuo huitoza ada: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, anzia karibu, usimhukumu mtoa huduma kabla hujamhoji waya wako.

Wapinzani watasema nimeruka lililo kubwa: ilikuwa polepole na ghali. Polepole, nakubali. Wimbo wa megabaiti 4 kwa biti 33,600 kwa sekunde ulihitaji dakika 16 hivi, laini ikiwa katika ubora wake, nao ubora huo ulikuwa mgeni nadra. Kuhusu gharama, Afrika Mashariki mtu alimlipa mtoa huduma, kisha akailipa kampuni ya simu kwa muda aliokaa hewani. Lakini ni mita hiyo iliyoifanya barua iandikwe kabla ya kupiga, isomwe, ifupishwe, kisha itumwe pamoja na nyingine kwa mkupuo na laini ikatwe. Mapema miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya kiserikali ya Nairobi yalitumia FidoNet, mtandao uliobuniwa Marekani mwaka 1984, ambamo barua zilikusanywa na kusubiri simu kati ya Nairobi na London ili zisafirishwe kwa fungu. Aliyejua kwamba maneno yake yanasafiri kwa simu ya kimataifa hakutuma picha ya chakula chake cha mchana. Hapa, hata hivyo, sifa zinanikwama kooni. Shule ya wilayani iliyolazimika kupiga simu ya masafa marefu hadi Dar es Salaam ili tu kusoma barua zake haikuwa ikifundishwa ufupi, ilikuwa ikikamuliwa. Na kijiji kisicho na nguzo hata moja ya simu hakikupata fursa ya kukatikiwa. Kosa hilo naliandika upande wa kampuni za simu na bei zake, na wakili wa laini mbovu ana haki ya kuchagua mteja mmoja tu.

Yuko pia mpinzani mwerevu zaidi, anayesema hitilafu ni hitilafu, na kuijua hakumfaidishi aliyekatikiwa. Huyo namkumbusha tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata madhara na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Watu walizima simu na kuziwasha, wakatoa laini na kuzirudisha, wakapanda ghorofani, wakanunua bando la pili. Yote yalikuwa bure, maana kasoro ilikuwa chini ya bahari, na dawa yake ilikuwa meli. Mteja wa leo amepewa kasi kubwa akanyang’anywa bisibisi. Mpinzani atajibu, naye ana haki, kwamba kabla ya mikongo kuanza kufika pwani yetu mwaka 2009, laini mbovu yenyewe ilitegemea setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, mbali kuliko sakafu ya bahari yoyote. Ni kweli. Lakini kwa ukarimu wake ilikatika nyumbani kwanza, mara nyingi kiasi kwamba wachache walifika mbali vya kutosha kuilaumu setilaiti.

Linabaki swali la kwa nini, kama ilikuwa na fadhila hizi, kila aliyepata upenyo aliikimbia. Jibu liko katika historia ya hiyohiyo AOL. Desemba 1996 ilianza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa, na wateja waliofanikiwa kuingia wakakataa kutoka. Laini zikajaa, wengine wakapiga kutwa wakipata mlio wa shughuli tu, na malalamiko yakafika kwa wanasheria wakuu wa majimbo hadi kampuni ikakubali kurudisha fedha. Wiki chache bila mita zilitosha kuonyesha ni nini kilichokuwa kikiwatoa watu kwenye intaneti: haikuwa busara yao. Nyumbani kazi hiyo ilifanywa na laini yenyewe, iliyokuwa moja kwa jamaa nzima. Mama akiinua simu ya sebuleni ili amjulie hali shangazi, kijana aliyekuwa chumbani alikatika hapo hapo, bila mjadala wala programu ya kudhibiti watoto. Kampuni zetu za simu, ambazo kila mwezi hubuni bando jipya, zingeweza kuuza hili pia: kasi ya 33.6, malipo kwa dakika, kukatika kwa uhakika kila mvua inaponyesha na kila mtu mwingine wa nyumbani anapotaka kupiga. Vijana wataliandama kwa matusi. Wazazi, nadhani, watapanga foleni kuanzia alfajiri.