Kambi Tulivu Kupita Zote Lindi

Hapa Rasbura wanasema nimepata kazi ya kukaa kivulini. Waje wao wakae. Waje wawafundishe Kiingereza watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, waliosoma karibu kila somo kwa Kiswahili miaka yote saba, na ambao Januari wataingia kidato cha kwanza wakute baiolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza usiku mmoja. Hapo katikati ndipo nilipowekwa mimi, na chaki, na ubao wenye ufa, na wazazi wanaotaka mtoto arudi nyumbani anachapa Kiingereza kama mtangazaji wa BBC.

Tuisheni ya kawaida ya pre-form one ingetosha. Lakini mwenye kituo chetu aliona kwenye simu kambi za watoto huko Uingereza na Malta: wanalala hukohuko, wanaogelea, usiku wanaota moto, wanarudi kwao na lugha. Akaibeba ratiba nzimanzima. Basi tuna kipindi cha kuogelea. Mtoto aliyekulia ghuba ya Lindi, anayevuka Kitunda na baba yake kutega madema, eti nimfundishe kukanyaga maji huku nimeuma filimbi! Siku ya kuogelea wao ndio walionilinda nisizame. Na moto wa kambi tunao. Novemba! Joto la huku mwezi huo, shati linalowa ukiwa umekaa tu, halafu nikauzunguke moto na watoto wa watu. Tulichoma korosho, moshi wake ukafukuza mbu pamoja na majirani.

Amri kuu ni hii: Kiswahili marufuku. Anayeteleza anavalishwa kibao shingoni. Kwa hiyo hakuna anayesema. Mwenye maumivu anashika tumbo, unabahatisha. Ugali ukipungua, hakuna mwenye Kiingereza cha kudai nyongeza, ndiyo maana unazidi kupungua. Mpishi naye amri imemkuta; anagonga sufuria, basi, mmeitwa. Wazazi wanapita nje ya uzio, wanasikia kimya, wananisifu: "Mwalimu, nidhamu unayo!"

Asiyenisifu ni bibi mmoja aliyemletea mjukuu wake mihogo ya kuchemsha. Mtoto akasimama wima: "Gudi moning!" Bibi akangoja shikamoo yake. Akangoja sana. Akanigeukia: "Mwalimu, huyu nilimleta hapa na adabu zake. Mmeziweka wapi?" Mtoto akatazama kibao, akamtazama bibi, akaamkia kwa kunong'ona. Jioni alikivaa. Mihogo nayo hatukuiona, bibi aliondoka nayo.

Na vitabu je? Theluji, mapera ya Kizungu, sungura aliyevaa koti. Siku moja nikakifunga kitabu, nikawasimulia Tendaguru, kwa Kiingereza cha polepole na mikono mingi. Kwamba huko bara, kaskazini magharibi ya mji wetu, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria. Kwamba wapagazi waliibeba kwa miguu mpaka pwani hapa Lindi, ikapakiwa melini. Na kwamba mmoja wa dinosaria hao leo kasimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13 na ushee.

Kambi ikalipuka. Alikula nini? Wale wapagazi walilipwa? Mbona hawamrudishi? Akirudi atalala wapi? Yote kwa Kiswahili, tena cha kupandiana. Kibao ni kimoja, shingo darasa zima; nikakiacha msumarini. Niliwajibu kwa Kiingereza, nao wakanyamaza ili wasikie, jambo ambalo sungura wa koti hakuwahi kulipata. Lakini mwenye kambi alikuwa mlangoni. Kesho yake ratiba ikarudi kwenye theluji.

Sasa korosho zinadondoka, na kila asubuhi nafasi za mikekani zinaongezeka; watoto wameitwa mashambani kuokota. Nami sijaona mshahara. Juzi nikamfuata mwenye kambi, nikamdai kwa Kiingereza, maana sheria ni sheria. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mwalimu wangu, vuta subira. Wazazi watalipa ada korosho zao zikishapita mnadani. Na mnada wenyewe bei haijakaa vizuri, wakulima wamegoma kuuza."

Kiswahili kimenyooka, hakuteleza hata irabu. Nikaenda kumletea kibao.