Namna ya Kuwaoza Msimbo na Maelezo Wasiachane

Kwanza wape nyumba moja. Usimweke Msimbo kwenye hazina ya Git, halafu Maelezo ukampangishia chumba ng'ambo, kwenye tovuti ambayo nywila yake anayo mtu mmoja aliyekwisha kuuhama mradi. Wakiishi mbalimbali, Msimbo atabadili jina la amri asubuhi, na Maelezo atapata habari miezi sita baadaye, kutoka kwa mgeni aliyekesha na amri isiyokuwepo tena. Linux huweka folda ya Documentation ndani ya mti uleule wa msimbo. Python ina yake, Doc. Raha yake ni hii: ukirudi kwenye toleo la zamani, unamkuta Maelezo wa siku zilezile, anazungumza lugha moja na mwenzake.

Kisha mahari, na hapa usilegeze hata senti. Anayeleta kiraka kinachobadili tabia ya programu alete na aya ya kueleza badiliko hilo, kwa posa moja. Django hudai hivyo: kipengele kipya kije na maelezo na majaribio yake. Ukiambiwa "nitaandika kesho", mrudishe na kiraka chake, kwa upole. Leo ndiyo siku pekee anayokumbuka kwa nini alichagua programu isubiri sekunde 30 na si 60. Wiki ijayo atausoma msimbo wake kama barua ya mtu mwingine, na sababu ile hakuna atakayeipata tena popote. Hasara hii inaniuma kuliko hitilafu yoyote, maana hitilafu hurekebishwa.

Tafuta na shahidi. Python ina doctest, inayoendesha mifano iliyomo kwenye maelezo na kulinganisha majibu. Rust nayo huipima mifano iliyomo kwenye maelezo yake pamoja na majaribio mengine. Mfano ukisema uongo, jaribio linaanguka papo hapo.

Zana ya kuchapishia isikukoseshe usingizi. Ipo Sphinx: ilizaliwa kwa ajili ya hati za Python, na Linux ilianza kuitumia mwaka 2016.

Ndoa ikishatulia, fungua mlango. Kosa la maelezo liandikishwe kama hitilafu kamili, wanavyofanya OpenBSD. Na mgeni akileta sahihisho la herufi moja tu, lipokee siku hiyohiyo na umshukuru: amesoma ukurasa ule mpaka mwisho.