Porto ya Zambarau

Msimu wa zambarau ukifika Tanga, miti humwaga matunda mpaka watoto huchoka kuyaokota, na sado moja sokoni inakuwa haina thamani ya kugombania. Hapo ndipo mtu mmoja katika kila mtaa hupata wazo.

Mtu huyo, tumwite mwanagenzi, si mlevi. Ni mtu na heshima zake, pengine kastaafu juzi, ana nafasi ya kutosha na simu yenye bando. Kwenye harusi ya watu wenye uwezo aliwahi kuonjeshwa mvinyo wa Porto katika kigilasi kisichozidi kikombe cha kahawa, akarudi nyumbani na hesabu nyepesi kabisa: Porto ni nyeusi, tamu, na inakakamaza ulimi. Zambarau nayo ni nyeusi, tamu, na inakakamaza ulimi. Kilichobaki ni ndoo.

Wareno wenyewe hawakubaliani na hesabu hiyo. Kwa sheria za Ulaya, Porto ni mvinyo wa bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, na tangu 1756 mipaka ya mashamba yake ilianza kuwekwa kwa amri ya serikali ya Marquês de Pombal. Zabibu zinakandwa, hamira inaanza kula sukari na kuigeuza kilevi, na ikifika kama nusu ya mlo wake inamwagiwa spiriti ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Inakufa papo hapo. Sukari iliyosalia inabaki salama, na ndiyo utamu wa Porto. Kipimo cha jadi cha pipa la lita 550 ni lita 435 za maji ya zabibu yanayochachuka na lita 115 za spiriti.

Mwanagenzi anasoma yote haya, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anaenda dukani kununua chupa mbili za Konyagi.

Tutaifikia Konyagi. Kwanza kuna foronya. Zambarau zikishapondwa kwa mchi na kuondolewa kokwa, lazima zichujwe, na chujio la chai halifai kitu mbele ya ndoo nzima. Mwanagenzi anatazama huku na huku, anaona foronya nyeupe kwenye kamba ya nguo, na anajiambia kuwa ataifua kabla mwenyewe hajarudi kutoka sokoni. Inachuja vizuri ajabu. Kazi inakuja kwenye kufua. Rangi ya zambarau ni ya jamii ile ile iliyomo kwenye ganda la zabibu nyeusi na kwenye rozela: ikikutana na ndimu huwa nyekundu, ikikutana na sabuni hugeuka bluu. Kwa hiyo kila anavyozidi kusugua kwa sabuni ya mche, foronya inazidi kuwa na rangi ya wingu la masika.

“Baba, hii foronya ilikuwa inafanya nini?”

“Ilikuwa inachuja, mama.”

“Inachuja nini?”

“Juisi.”

Mama anaitazama ndoo, anamtazama mzee, na anaondoka na foronya zote zilizobaki kwenye kamba. Ndimu ingemsaidia kidogo, lakini ndimu zenyewe ziko jikoni, na jikoni kwa siku hiyo hapaingiliki.

Juisi sasa iko kwenye dumu, imetiwa sukari ikafika kama gramu 200 kwa kila lita, imetiwa hamira ya maandazi, na mdomoni imefungwa puto lililotobolewa kwa sindano. Puto hili ni ufundi wa kweli: gesi inatoka, hewa haiingii. Aliyeacha ndoo wazi hukaribisha vile vijinzi vidogo vya matunda, na vijinzi huja na bakteria wa siki miguuni. Nyumba nyingi zilizodhamiria mvinyo zimeishia kuwa na siki nzuri ya kachumbari. Mwanagenzi wetu ameliepuka hilo, kwa hiyo anatembea mtaani kifua mbele.

Sasa Konyagi.

Kila gramu 17 za sukari katika lita moja zikiliwa na hamira huzaa takriban asilimia 1 ya kilevi. Dumu lake la lita 10, likiwa nusu ya safari, lina asilimia 6 hivi. Analotaka ni asilimia 20, kama Porto. Mreno mwenye spiriti ya asilimia 77 angehitaji lita mbili na nusu tu kulifikisha huko. Konyagi ina asilimia 35, na kwa nguvu hiyo hesabu inadai zaidi ya lita 9, yaani chupa kubwa 12 na kitu. Kitakachopatikana kitakuwa karibu nusu kwa nusu: si zambarau iliyoongezwa Konyagi, ni Konyagi iliyosalimiana na zambarau. Gharama yake nayo ingetosha kununua mvinyo wa Dodoma wa kunyweshea kamati nzima ya harusi.

Yeye anatia zile chupa zake mbili na kukoroga kwa mwiko. Kilevi kinapanda kutoka asilimia 6 hadi karibu 10. Hamira haifi kwa asilimia 10. Inayumba kidogo, kisha inarudi kazini.

Mwanagenzi hajui. Anaona mapovu yametulia, anaonja, anakuta utamu, anafumba macho kama mjumbe wa jopo la waonjaji. Anajaza chupa za vioo alizopewa na mhudumu wa baa, anakaza vifuniko mpaka kiganja kinauma, na anazipanga stoo kwa safu, kila moja na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: PORTO. Ndani ya kila lita kuna gramu 87 hivi za sukari na hamira hai. Gramu 4 tu kwa lita zinatosha kuzaa gesi ya kuongeza shinikizo la takriban atimosfia moja. Chupa ya shampeni, ambayo kioo chake kimefanywa kinene makusudi, hubeba kama atimosfia 6. Chupa ya baa haikuumbwa kwa majaribu hayo.

Ya kwanza inapasuka usiku. Ya pili inajibu. Jirani anapiga kelele za mwizi, mwingine anasema ni transfoma, na shemeji aliyekuja kulala siku mbili anaonekana uani na shuka kiunoni na panga mkononi. Asubuhi dari ya stoo ina madoa ya bluu na zambarau hadi kwenye taa. Ni bahati tu kwamba hakuna aliyekuwa karibu, maana kioo kinachoruka hakichagui.

Matunda na Porto yana ugomvi wa zamani, si wa Tanga peke yake. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Douro walinaswa wakikoleza rangi ya mvinyo kwa tunda jeusi la mti uitwao elda, na Pombal akaamuru miti hiyo ing'olewe. Leo Waingereza wanaopika mvinyo nyumbani hulichuma tunda hilo hilo vichakani na kutengenezea “Porto” yao.

Zambarau inaweza kufika, ila njia ni nyingine. Mwanagenzi aachane na kuizuia hamira katikati. Atafute hamira ya mvinyo, kama ile iitwayo EC-1118, ambayo huvumilia kilevi hadi asilimia 18, na ailishe sukari kidogo kidogo badala ya kuimwagia yote siku ya kwanza. Ikifika asilimia 17, lita 10 za mvinyo zinahitaji lita 2 tu za spiriti ya asilimia 35 ili kugusa 20. Kwa nguvu hiyo hamira haina la kufanya tena, na sukari ya utamu hutiwa hapo, mwishoni, bila hofu ya dari. Haidromita ndiyo itakayosema kama kazi imekwisha; ulimi na mapovu hudanganya.

Anayeanza msimu huu aanze na lita 4, anunue kitambaa chake mwenyewe cha kuchujia, na spiriti iwe ya dukani yenye stempu ya TRA. Gongo asiiguse: ni marufuku, na nguvu yake haiandikwi popote. Kisha mvinyo ukae mpaka zambarau za mwakani ziive, kwa sababu ukiwa mchanga unachoma koo tu.