Subiri Kwanza Gari Liharibike

Shemeji yangu anasema kadi ya mkopo yenye pointi za safari ina msimu wake, kama mahindi. Ukiiwahi, muda wa bonasi unakwisha kabla bili kubwa hazijaingia. Ukichelewa, bili zimeshapita na umezilipa kwa kadi ya kawaida ambayo haijakupa hata soda. Kwa sababu ya elimu hiyo, Watanzania wa hapa Houston humpigia simu kabla ya kujaza fomu yoyote. Anajua Qatar, Emirates na Turkish zinaondoka hapa saa ngapi, anajua pointi za benki ipi zinageuzwa kuwa Avios, na anajua kwamba kiti cha pointi cha Desemba kwenda Dar es Salaam ni hadithi ya kulazia watoto. Krismasi iliyopita yeye mwenyewe alikwenda kwa tiketi ya kulipia. Hatukumuuliza. Ni mtu mzima.

Masharti ya kadi hizi yapo wazi. Ya kawaida kabisa husema: tumia dola 4,000 katika miezi 3 ya kwanza, upewe pointi 60,000. Mara ya kwanza kuyasikia unaweza kucheka. Dola 4,000? Kwa mtu mwenye ndugu? Hizo zinaondoka nikiwa nimelala, maana wao wakianza asubuhi yao, kwangu ni usiku wa manane, na simu ya usiku wa manane haijawahi kuleta pesa. Kuna mchango wa harusi, bati za mama, ada ya mpwa, msiba, halafu arobaini ya msiba huohuo. Mke wangu naye ana mchezo na kina mama wenzake, na siku ya kutoa hela haina udhuru. Ukijumlisha yote, sisi tungekuwa tunaruka daraja la kwanza kila likizo.

Tatizo ni kwamba hakuna hata senti inayopita kwenye kadi. Mweka hazina wa kamati ya harusi hataki kadi, anataka muamala. Fundi wa bati Kibaha ndiyo kabisa. Na ukijitia ujanja, ukatuma pesa nyumbani kupitia programu ya simu kwa kadi ya mkopo, benki nyingi zinahesabu kwamba umechukua fedha taslimu: ada papo hapo, riba kuanzia siku hiyohiyo, pointi sifuri. Chipu za kasino nazo huhesabiwa hivyohivyo. Kwa hiyo machoni pa benki, mimi niliyechangia sare za wasimamizi wa binamu yangu na yule aliyekesha Las Vegas tumo kapu moja.

Wenyeji wana raha zao. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aliona promosheni iliyotoa maili za ndege kwa wanunuzi wa vyakula fulani vya dukani, akapiga hesabu, akanunua vikombe 12,150 vya pudingi kwa dola 3,000 na ushee. Alipata maili zaidi ya milioni 1. Pudingi akawapa Jeshi la Wokovu, nao wakamsaidia kubandua lebo. Miaka kadhaa baadaye kiwanda cha serikali cha sarafu kikawa kinauza sarafu za dola 1 kwa kadi na kukuletea hadi mlangoni bila nauli. Watu wakaagiza maboksi kwa maboksi, wakazipeleka sarafu benki kulipa deni la kadi ileile, wakabaki na maili. Serikali ikafunga mlango wa kadi mwaka 2011. Mimi ningeletewa boksi la namna hiyo nyumbani kwangu, lingeshapangiwa matumizi kabla sijatafuta mkasi wa kulifungulia.

Shemeji ana dawa yake. Tukienda kula tukiwa wengi, mahafali ya mtoto wa mtu au kumpokea mgeni, bili ikifika tu anainyakua. "Niachieni mimi." Kadi inapita, wazee wanamwombea dua, mama mmoja anasema kijana kalelewa. Tukiwa bado kwenye maegesho, simu zinaanza kulia moja baada ya nyingine: kila mtu kaletewa ombi la kulipa sehemu yake, mpaka nusu ya juisi. Mzee aliyetoa dua ndefu kuliko wote alitaka kujua kama nayo inarudishwa.

Ilipofika zamu yetu ya kuomba kadi, ilibidi tungoje. Kwanza tulikuwa tunatafuta mkopo wa nyumba. Kila ukiomba kadi benki inachungulia rekodi yako ya mikopo, na alama ya kuchungulia huko inabaki kwenye rekodi miaka 2. Mke wangu hakutaka afisa wa mkopo akute tumechunguliwa kwa ajili ya safari. Kisha shemeji akaleta habari za Chase, ambayo inajulikana kwa kumkatalia mtu aliyefungua kadi 5 au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24. Sisi hatujawahi kukaribia 5, lakini alitueleza kwa uzito hadi tukaahirisha.

Hatimaye tukaomba, tukakubaliwa. Kadi ikatumwa kwenye anwani tuliyohama. Miezi 3 huanza kuhesabika siku akaunti inapofunguliwa, si siku kadi inapokuja mkononi, na yetu ilikuwa imetulia kwa mpangaji mpya, chini ya kuponi za piza. Tulipoipata, msimu wa bili kubwa ulikuwa umeshapita: bima tulishalipa, matairi tulishabadilisha, hakuna aliyeumwa jino. Nikaanza kuangalia friji kwa matumaini.

Ndipo giaboksi ikafa, barabarani, saa ya foleni. Nililivuta gari hadi kwa fundi wetu wa Tanga, ambaye nusu ya Waswahili wa Houston wanamwamini kuliko daktari. Akaingia chini, akatoka, akafuta mikono polepole.

"Pole sana kaka. Dola 2,900."

Nilicheka kwa furaha. Akanisogezea kiti nikae.

"Unapokea kadi?"

"Kadi ya nini, kaka? Wewe wa nyumbani. Nipe keshi, nikupunguzie 400."

Pointi 60,000, ukizibadilisha kuwa pesa kwa senti 1 kila moja, ni dola 600. Mke wangu, kwenye simu, akasema 400 ya mkononi tuichukue. Shemeji, aliyekuwa kwetu siku hiyo, akapaza sauti kwenye spika kwamba tusithubutu, tulipe kadi, bonasi ndiyo hiyo imejileta. Nikamwomba fundi tena kwa upole, hata kama punguzo linaondoka.

Fundi akakuna kichwa. "Kaka, nikufiche nini. Vipuri vyote mimi nanunua kwa kadi yangu, wateja wananipa keshi. Nimebakiza dola 1,100 nipate bonasi, na muda unaisha Ijumaa."

"Muulize," shemeji akasema kwenye spika, "aliomba lini."